Mume Naye Apimwe: Maswali Yenu Kuhusu Kuchelewa Kupata Mtoto

Meseji nyingi za wiki hii zimetoka kwa wanandoa wanaotafuta mtoto. Nimechagua zinazohusu upande wa baba, kwa sababu ndio upande unaokumbukwa mwisho.

Shikamoo dokta. Nina miaka 29, niko Tabora, mwaka wa tatu kwenye ndoa na sijashika mimba. Nimepigwa ultrasaundi, nimepigwa picha ya mirija, nimemeza vidonge vya kupevusha mayai. Mume wangu hataki kupima. Anasema ana mtoto wa miaka kumi aliyempata kabla hatujaoana, kwa hiyo tatizo si lake.

Marahaba dada, na pole kwa picha ya mirija, najua inavyouma. Mumeo alipaswa kupima kabla yako. Kipimo chake ni kutoa shahawa kwenye kikopo safi cha maabara, baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Basi. Hachomwi sindano wala haingizwi mpira. Na kati ya wanandoa wanaohangaika hivi, karibu nusu huwa na kasoro upande wa mwanamume, iwe peke yake au pamoja na ya mke.

Huyo mtoto anathibitisha kwamba miaka kumi na moja iliyopita mbegu zilikuwepo. Leo ni habari nyingine. Katikati hapo huenda alipata kisonono akakitibu nusunusu, au matubwitubwi ya ukubwani yakashukia korodani, au mishipa ya korodani ikavimba taratibu bila maumivu.

Usimwendee na "tatizo ni wewe". Mwambie matibabu yako hayaendelei bila majibu ya wote wawili, na kliniki yoyote makini itasema hivyohivyo. Kama anaona haya kutolea hospitali, waulize maabara kama anaweza kutolea nyumbani. Kikopo kikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Asitumie mafuta, mate wala kondomu ya kawaida, vinaharibu mbegu.

Shahawa zangu ni nyepesi, na mke akiinuka baada ya tendo zinamwagika. Nilipiga sana punyeto nikiwa sekondari. Ndiyo sababu hatupati mtoto?

Hapana. Korodani hutengeneza mbegu kila siku, hazina akiba ya kumaliza. Unachokiona kwa macho karibu chote ni majimaji ya tezi, na ni kawaida yalainike ndani ya saa moja na kumwagika. Mbegu zenye mwendo huwa zimeshapenya mlango wa kizazi. Wepesi wa shahawa hauhesabu mbegu, na hata kusimama imara hakuzihesabu. Nenda ukapime.

Mimi ni dereva wa malori, Mombasa–Kampala. Nimepimwa: mbegu milioni 6 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 15. Nimeuziwa unga wa mizizi, naambiwa siku saba zinatosha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa milioni 16 kwa mililita, na zinazokwenda mbele asilimia 30. Uko chini, lakini chini si tasa. Wapo wanaopata mtoto na hesabu kama yako, ila huchukua muda zaidi.

Karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu tangu ianze kutengenezwa hadi itoke, kwa hiyo malaria kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Rudia kipimo. Na kwa hesabu hiyohiyo, hakuna mzizi wala kidonge kitakachobadilisha mbegu kwa siku saba. Baadhi ya unga wa "nguvu za kiume" ukipimwa hukutwa umechanganywa kimyakimya na dawa ya Viagra. Utasimama vizuri, mbegu zibaki zilezile, na kama una tatizo la moyo umejiweka hatarini.

Fanya haya: acha sigara, punguza pombe, shuka garini kila unaposimama, maana korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Kisha daktari akukague korodani ukiwa umesimama wima kwa miguu. Mishipa iliyovimba, mara nyingi upande wa kushoto, hupatikana kwa wanaume kama 15 katika 100, lakini kwa wanaohangaika kupata mtoto ni 35 hadi 40. Ina operesheni, na matokeo huangaliwa baada ya miezi mitatu hadi sita.

Nachoma testosterone kwa ajili ya jimu. Kocha anasema inaongeza mbegu.

Inazikata. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi, na hesabu inaweza kufika sifuri. Kwa wengi mbegu hurudi wakiacha, lakini ni kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Na daktari akikuandikia testosterone wakati unatafuta mtoto, tafuta daktari mwingine.

Majibu yangu ni sifuri kabisa. Ndugu wanataka tuachane.

Pole sana, kaka. Hayo majibu ni yenu wawili, si ya kikao cha ukoo. Rudia kipimo, kisha ijulikane: je, mbegu zinatengenezwa ila njia imeziba, au hazitengenezwi? Vipimo vya homoni na ukubwa wa korodani husaidia kutofautisha. Njia ikiwa imeziba, mbegu huweza kuvutwa kutoka korodani na moja ikaingizwa ndani ya yai, ufundi uliopo tangu 1992. Huduma hiyo ipo Nairobi na Dar es Salaam, ila bei yake ni ya kuuza kiwanja.

Mume wangu yuko mgodini Geita, huja wiki moja kwa mwezi. Mzunguko wangu ni siku 32. Tunasubiri siku ya 14 ili mbegu zijae.

Msisubiri. Yai lako hutoka karibu siku ya 18, huishi siku moja tu, wakati mbegu huweza kungoja ndani hadi siku 5. Wiki yake iangukie siku ya 13 hadi 19, kuanzia siku ya kwanza ya damu, na mkutane kila siku au mkiruka siku moja katikati. Abadilishane zamu na mwenzake kwa miezi mitatu minne, na zaidi ya kipimo cha mbegu, msilipie kingine kwanza.