Fagia Sakafu, Miguu Mwachie Mtoto

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi barazani, kwenye nyumba ya kupanga huku Mbagala, na kuanzia asubuhi mpaka mama yake arudi sokoni binti yetu yuko chini yangu. Chini yangu kwa maana zote mbili: mimi ndiye mlezi, na yeye anashinda chini ya meza. Kwa hiyo nilikuwepo siku aliposimama dede mara ya kwanza, ameng'ang'ania mguu wa cherehani, magoti yanatetemeka, ananitazama kama mtu aliyefumaniwa anaiba.

Nikafurahi, nikaharibu. Niliacha suruali ya mteja na pini zake, nikamshika binti mikono yote miwili na kuanza kumtembeza uani. Tukaendelea hivyo kila siku, kama wiki tatu. Mgongo ukaniuma, naye akajifunza jambo moja tu: kunyoosha mikono juu na kulia nimshike. Mtoto ukimning'iniza hivyo, wewe ndiye unayebeba uzito wake, yeye anachezesha miguu tu. Nilipochoka nikamwacha, akanuna siku mbili, kisha akarudi mwenyewe kwenye mguu wa meza. Akawa anakwenda ubavuubavu kama kaa, kutoka meza hadi stuli, stuli hadi ukuta. Nikaona kumbe darasa lilikuwa pale siku zote, mimi ndiye niliyekuwa namtoa.

Alipofika miezi 13 bado alikuwa ukutani. Jirani mmoja, mama mwema lakini ana rekodi ya kila mtoto wa mtaa kichwani, akapita barazani: "Fundi, huyu wako mbona bado? Wa kwangu alitembea na miezi tisa." Alisema kwa kucheka. Mimi usiku sikulala.

Siku ya kliniki nikamuuliza nesi. Hakumwangalia miguu kwanza, aliniuliza maswali. Anajivuta na kusimama mwenyewe? Miguu yote miwili anaitumia sawasawa? Na mikono je? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. "Basi kashone nguo za watu," akaniambia. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kutembea bila kushikwa kulianzia miezi 8 na ushei hadi karibu miezi 18, na wote hao walikuwa wazima. Wapo hata wachache waliofika huko bila kutambaa kwa magoti kabisa. Wa jirani na wa kwangu wote wamo humo.

Ila usinielewe vibaya. Mtoto akitimiza miezi 18 hajatembea, au akiwa anaburuza upande mmoja, anachechemea, au alikuwa anasimama kisha ameacha, usisubiri wala usiulize barazani. Mpeleke akaonwe. Matege madogo na nyayo bapa katika umri huu ni kawaida kwa watoto wengi, lakini hata hayo kama mguu mmoja umepinda kuliko mwenzake, uliza.

Jirani yule yule alituletea woka, ile yenye magurudumu. Nilimshukuru, nikaipokea, binti nikamweka ndani. Loo! Kufumba na kufumbua amevuka baraza, anaelekea jiko la mkaa la mpangaji mwenzetu. Nilimdaka kwa gauni, mshono wa bega ukafumuka. Mtoto ndani ya woka anapata mwendo ambao akili yake haijaufikia, na anafikia vitu ambavyo kwa magoti asingevifikia. Kanada walipiga marufuku kuviuza viti hivyo tangu mwaka 2004. Chetu nilikifungua magurudumu, sasa kinashika nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Halafu kuna kuanguka. Mzazi anayeanza hudhani kila anguko ni la kukimbilia. Watafiti wa chuo kimoja New York waliwahesabu watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza wenyewe, wakachapisha mwaka 2012: kwa wastani hatua zaidi ya 2,300 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Mara 17 kwa saa! Nilijaribu kumhesabu wangu, nikafika tisa, mteja akaja kuulizia kitambaa chake. Nilichokigundua ni kwamba akianguka hulia pale tu anaponiona nimeshtuka. Sasa akianguka mimi huendelea kukanyaga pedali, jicho moja kwake. Asipoinuka au akilia kilio kingine, cha maumivu, naenda. Mama mkwe anasema nina roho ngumu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa sababu kumwacha mtoto aanguke kunahitaji mahali pa kuangukia. Siku moja nilifunga kazi mapema, nikapiga magoti, nikatambaa baraza zima hadi uani. Wapangaji walicheka mpaka wakakaa. Lakini ukiwa chini unaona dunia nyingine. Niliokota pini saba, kipande cha wembe wa kufumulia, vifungo, na betri ya saa, ile bapa kama sarafu. Hiyo betri ndiyo iliyonitisha kuliko wembe, maana ikimezwa na kukwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa chache tu. Tangu siku hiyo nina sumaku ya spika mbovu niliyoifunga kamba. Naiburuza sakafuni mchana na jioni, pini zote zinakuja zenyewe. Mkasi unaning'inia kwenye msumari. Pasi naitumia akilala, na waya wake haugusi chini.

Uani ni pagumu zaidi kwa sababu si pa kwangu peke yangu. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akichungulia ndoo, anatangulia kichwa na hawezi kujitoa. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kuua. Nilikwenda mlango kwa mlango, nikaomba ndoo zifunikwe na mabeseni ya kufulia yamwagwe yakishatumika. Wawili walinielewa, mmoja akaniambia mtoto hulindwa na mzazi wake. Huyo nilimnunulia mfuniko.

Mafuta ya taa tuliyakuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, karibu na jiko. Ukisikiliza jambo moja tu katika haya yote, sikiliza hili: yahamishe leo, yaende juu, kwenye chombo ambacho hakifanani na cha kunywea. Na mtoto akiyanywa, usimtapishe. Yakipanda juu huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Mkimbize hospitali.

Viatu sina la kusema sana. Bibi yake alimletea vile vinavyolia kila akikanyaga. Tunamvalisha siku za kwenda kwa bibi. Sakafuni anatembea peku, vidole vinajishikia vyenyewe.

Hatua zake za kwanza sikuziona vizuri. Alikuwa na miezi 14 na siku chache, mimi nimeinama natia uzi kwenye sindano ya cherehani, mteja mmoja akasema taratibu, "Fundi, geuka." Alikuwa katikati ya baraza, hajashika kitu, mkono mmoja una kipande cha kitenge. Hatua tatu, nne, akakaa chini puu. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka, nikairudisha kwenye uzi.

Leo ana miezi 19. Juzi nilimkuta amepanda kwenye stuli ya wateja, ananyoosha mkono kuelekea kwenye mkasi. Msumari nimeupandisha juu zaidi, na stuli sasa ikikaa haina mtu naigeuza kichwa chini miguu juu.