Mke mwenzangu na maji ya Pasaka

Mtama, Lindi
Machi

Mwanangu,

Ujumbe wako nilisomewa na mdogo wako juzi usiku, tena mara mbili, maana mara ya kwanza alisoma kama anafukuzwa. Nimekuelewa. Binti yako ana miaka 15, amemaliza darasa la ubatizo, jina lake limeshasomwa kanisani pamoja na wenzake wa Pasaka, na sasa anasema hayuko tayari, anaogopa. Wewe unauliza umsukume kidogo au umwache mpaka mwakani. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu kwenye simu ukiwa kazini unaniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unapanga mambo mengine.

Kwanza ujue kwamba jana jioni, kabla hujarudi nyumbani, nilimpigia mke mwenzangu mwenyewe, huyo binti yako. Usikasirike. Umeniuliza mimi kama yuko tayari, lakini yeye umemuuliza anaogopa nini? Nilivyomsikia, hajaulizwa. Kila mtu huko kwenu anamwambia usiogope, kisha anaendelea na shughuli zake.

Alilonitajia mwanzo wala si la rohoni. Kanzu nyeupe ikilowa inashika mwili, na ufukwe wa Shangani siku ya Pasaka umejaa watu, na kila mwanakwaya ana simu mkononi. Mwaka jana kuna binti alipigwa video akitoka majini, ikazunguka kwenye magrupu ya shule mpaka mtoto wa watu akakataa kwenda darasani. La pili ni siku zake. Amehesabu, zinaangukia wiki ile ile. Hili nakuandikia ulijue tu, usiende kujifanya umeambiwa. Nimeshaongea na mama yake. La tatu ni maji yenyewe, hajui kuogelea. Hapo nilicheka. Mtoto wa Mtwara, bahari iko mlangoni, anaiogopa kama mtu aliyeletwa jana kutoka Newala, walikozoea kununua maji kwa ndoo.

Hayo matatu yana dawa. Kanzu nitashona mimi, ya bluu iliyoiva, kitambaa kizito, na ndani atavaa kaptura nyeusi na fulana. Nyeupe haikuandikwa popote. Mchungaji atangaze kabla ya wimbo wa kwanza kwamba simu zibaki mifukoni, na mama yake asimame na kanga mbili pale maji yanapoishia. Siku zikigongana, wasogeze wiki mbili, bahari haihami. Na msiende saa nne asubuhi kama mlivyopanga! Pasaka huja baada ya mwezi mpevu, na mwezi mpevu ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Saa nne maji yatakuwa yamekupwa, mtatembea kwenye tope na mwani mpaka mchoke kabla ya kupata maji ya kiunoni, na watu wote wanawatazama. Nendeni alfajiri, maji yakiwa yamejaa na ufukwe ni wa wavuvi tu. Mwambie mtoto akunje magoti kidogo, abane pua kwa leso, ajilegeze kama anayelala kitandani. Ukijikaza ndipo maji yanapanda puani. Ni kitambo cha kusema jina lako tu, umeshatoka.

La nne alilisema kwa sauti ndogo, nikadhani mtandao umekata. "Bibi, nikishabatizwa halafu nikadanganya tena, itakuwaje?"

Sikuwa na la kumjibu pale pale. Nilimwambia chai inachemka. Chai gani, mwanangu, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Swali lile lilinirudisha mtoni, na sasa uvumilie.

Ilikuwa mwaka 1978, Septemba, vita vya Kagera bado. Nilikuwa na miaka 16. Sisi wa kuzama tulikuwa wachache sana hapa. Wenzetu Wakatoliki wa misheni ya Nyangao walikuwa wanamwagiwa maji kichwani, ndani ya kanisa lao zuri, na nusu ya ndugu zetu ni Waislamu tangu mababu. Basi sisi na mwinjilisti wetu wa baiskeli tulionekana kama bibo lenye korosho mbili. Ruhusa tuliomba kwa mjomba, si kwa baba, unatujua Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba alitutazama akasema, "Kaloweni. Mkirudi kuna mihogo ya kumenya." Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yetu.

Tulikuwa wawili kutoka nyumba moja, mimi na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Ndiye huyo mnayemwita shangazi wa Temeke, ingawa nimewasahihisha miaka yote kwamba si shangazi, ni mama yenu mkubwa. Tulichezwa unyago pamoja, tukasoma darasa la ubatizo pamoja, miezi sita chini ya mwembe. Siku iliyotangulia tulikuwa tumeshinda porini tunachimba ming'oko, vile viazi vya porini, kucha zimejaa udongo mwekundu. Tulizisugua kwa mchanga wa mto, wapi. Kanzu zetu zilikuwa za kitambaa cha marekani, na mama alituzungushia kamba ya ukili magotini ili zisielee. Mzee mmoja wa kanisa alisimama upande wa juu na mti mrefu, anapigapiga maji, ati kwa ajili ya mamba. Mimi pale Lukuledi mamba sijamwona mpaka leo, ila mzee alipenda kazi.

Dada alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Mwinjilisti akanyoosha mkono kumpokea. Dada akasimama, maji yako magotini, akageuka. Hakumwambia mwinjilisti. Aliniambia mimi.

"Bado."

Kwaya yetu ya watu tisa ikashusha sauti. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vijana waliokuja kutucheka, wamekaa kwenye mzizi, na mmoja akapiga mluzi. Niliona aibu. Natamani nikwambie kwamba niliihurumia roho yake, lakini ilikuwa aibu, tena yangu mwenyewe. Nikamshika kiwiko, hapa juu ya mfupa, nikamsogeza mbele. "Usituaibishe," nikamwambia.

Akaenda. Mwinjilisti akamuuliza kama anaamini. Mimi nilikuwa hatua tatu tu nyuma, nautazama mdomo wake kwa upande. Haukufunguka. Kwaya ilikuwa imeshapandisha, mwinjilisti akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia, akamlaza. Aliibuka anakohoa, kamba ya ukili imekatika, kanzu imeelea mpaka kiunoni. Vigelegele.

Ya kwangu siikumbuki. Niliingoja miezi sita, nikazama, nikatoka, nikaambiwa nimezaliwa upya, na kilichobaki mkononi mwangu ni kile kiwiko.

Mwaka 2001 mama mkubwa akafariki. Dada alitoka Temeke na basi. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, wakalala Ndundu, kwenye mto Rufiji, usiku mbili wanangoja pantoni, akafika tumeshazika. Wakati huo alikuwa amesilimu siku nyingi, ameolewa huko huko, na sala tano hazimpiti. Hilo halikuniuma wala haliniumi. Bibi yangu aliyenilea alikuwa hivyo hivyo. Usiku wa matanga tulikuwa jikoni tunamenya mihogo, na mimi nikajitia kumfariji kwa hadithi za zamani. Nikamkumbusha ming'oko, nikamkumbusha mzee na mti wake, nikafika mtoni. Hakuinua macho. Akasema, "Mimi sijabatizwa, mdogo wangu. Siku ile ulibatizwa wewe mara mbili." Halafu akaomba kisu kingine, kile alichokuwa nacho kilikuwa butu.

Ndiyo maana nasema maneno yale mnayoniigiza mkikaa kucheka. Jando halikuulizi, unyago haukuulizi, maji yanakuuliza. Wewe mwaka 1992 ulichukuliwa jando una miaka minane. Ulijificha kwenye ghala la mahindi la bibi, ukatolewa miguu inaning'inia, ukamng'ata ngariba, na hakuna aliyekuuliza uko tayari. Leo unasimulia kwa kujisifu. Sawa, lile lilikuwa jambo la ukoo. Lakini majini kuna swali, na swali lisipojibiwa mtu ameoga tu.

Naona unakunja barua, unasema mama ameshajibu, mtoto aachwe. Ikunjue.

Baba yenu aliachwa. Hakusukumwa na mtu. Alikaa benchi la mwisho miaka 12, kila akiulizwa anacheka. "Korosho zikiisha." Korosho zikiisha, palizi. Palizi ikiisha, ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umeingia shambani, anapuliza salfa, anarudi kichwa chote cha njano kama kifaranga, nani atabatizwa na macho yanawasha vile? Mimi nilidhani ni uvivu wa mambo ya Mungu, na nilimnunia sana. Kumbe usiku mmoja, taa imeshazimwa, aliniuliza, "Nikizama halafu nikarudia uraka, si nitakuwa nimemcheka Mungu?" Unasikia? Swali la mjukuu wake, neno kwa neno, isipokuwa uraka, ile pombe ya mabibo.

Kisha mwaka 1996 aliamka asubuhi moja akasema, "Leo." Hakuna mahubiri yaliyomgusa, hakuna ndoto. Alikuwa amenyoa. Wewe ulikuwa na miaka 12, ukapewa heshima ya kushika taulo, ukalidondosha mtoni, akajifutia taulo linalochuruzika huku anacheka mpaka mchungaji naye akashindwa kumaliza sala. Sijaona furaha kama ile kwenye uso wa mtu mzima. Nikiifikiria hata sasa nikiwa peke yangu natabasamu, wajukuu wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Na nikwambie ambalo sijakwambia. Mabibo ya msimu ule ule yalipoiva, alirudi kwenye uraka. Wiki mbili nzima. Kanisani hakuja. Jumapili ya tatu nikamkuta amekaa benchi la mwisho, amenyoa. Hakuzungumzia, nami sikuzungumzia. Hilo mwambie binti yako, kwamba babu yake alirudia na dari la kanisa halikuanguka. Au nitamwambia mwenyewe, wewe utaliharibu kwa kulifanya somo.

Sasa niambie, ningemsukuma baba yenu mwanzoni, tungepata miaka 12 zaidi ya uso ule? Au ningepata kiwiko cha pili? Nimejiuliza nikipepeta, nikipika, nikiwa kwenye foleni ya mnada. Siku nyingine naona nilikuwa mjinga kumnunia badala ya kumshika mkono. Siku nyingine namwona dada kwenye maji ya magotini, nasema hapana, afadhali benchi la mwisho. Halafu namkumbuka yule towashi wa Kushi njiani na Filipo. Hakusoma darasa la miezi sita. Aliona maji, akauliza ni nini kinachomzuia, akateremka garini. Siku moja hiyo hiyo! Lakini angalia ni nani aliyeuliza. Filipo hakumvuta kiwiko. (Wale elfu tatu wa siku ya Pentekoste ndio wananishinda. Sijui waliwaulizaje mmoja mmoja mpaka jioni.)

Kwa hiyo nimsukume au nimwache, unauliza. Jibu ninalo, linaniwasha ulimi kama bibo bichi, na mdogo wako anajua nimeshalisema mara tatu kwa sauti leo asubuhi nikifagia. Lakini sitaliandika. Nikiliandika utampelekea mtoto barua, utamwambia "bibi amesema", na mkono wangu utakuwa umeshafika Mtwara kabla yangu.

Muulize mwenyewe, mchana, bila mchungaji, na usimuulize ukiwa unaendesha gari. Akisema ndiyo, mfundishe kujilegeza. Akisema bado, usimuulize mpaka lini.

Nitasafiri Alhamisi Kuu, nitabadilisha gari Mnazi Mmoja ya huku Lindi, kwa hiyo mtu awe stendi mchana. Kanzu nimeshakata, bado pindo. Nipimieni urefu wake, watoto hawa wanarefuka mtu akilala. Nitaleta na korosho za kukaanga, zile alizozimaliza peke yake Krismasi.

Jana usiku nilimpigia na shangazi yenu wa Temeke, sijui kwa nini, nikamweleza kwamba mjukuu wetu ameandikishwa na anaogopa. Alinyamaza kidogo. Akauliza kwenye mstari atasimama nani nyuma yake. Nikamwambia nitakuuliza.

Mama yako