Kupika data, kudesa na "finali ya mwisho": pale risachi zinapokwama

Ingia steshenari yoyote iliyo jirani na chuo wiki ya mwisho ya kukabidhi risachi. Huyu propozali yake imepigwa chini, yule anamkwepa supavaiza, mwingine anaulizia desa (kazi ya mwenzake ya kunakili) la mwaka juzi, na pembeni yupo anayeapa kwamba data zake hajazipika. Vicheko vingi, lakini misemo hiyo imekaa palepale kazi zinapoharibikia.

Tuanze na kupika data, yaani kubuni majibu ambayo hakuna aliyeyatoa, maana ndiko wengi wanakoumia. Mara nyingi anayepika si mvivu. Amebanwa na idadi ya sampuli aliyoiandika mwenyewe kwenye propozali. Chukua kanuni ya Yamane inayopendwa sana vyuoni, n = N / (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni watu wote na e ni kiwango cha kosa. Kata ina wakulima 1,200, kiwango cha kosa umeweka 0.05, jibu ni watu 300. Mtu mmoja, nauli ya kuungaunga, bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) halijulikani litaingia lini: madodoso 300 ya ana kwa ana ni wiki nyingi za kutembea juani. Ukiweka 0.1 unapata watu 92 hivi. Matokeo yanapungua uhakika, na hilo lazima uliseme kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, lakini ni kazi inayofanyika. Mazungumzo hayo na supavaiza yafanyike kabla propozali haijapita, usingoje ufike kijijini. Hesabu na muda wa vibali pia. Kwa Tanzania, barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani au halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina foleni yake. Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Na data za kupikwa hujulikana. Madodoso ya kweli yana mapengo: mmoja kakataa kutaja kipato, mwingine karuka swali la saba. Yaliyopikwa yamejaa kila kisanduku, kalamu ni ileile, na tarehe ya mahojiano imeangukia sikukuu ya Idi. Kinachosikitisha ni kwamba hata aliyesota kwa haki hushukiwa kwa sababu ya uzembe mdogo tu: jedwali la jinsia lina watu 300, la elimu lina 312, na hakuna maelezo. Kagua jumla ya kila jedwali. Pengo likiwepo, liandike waziwazi: "waliojibu swali hili ni 287 kati ya 300." Madodoso yape namba, yafunge kwa mpangilio, na usiyatupe mpaka upite utetezi, yaani siku ya kujieleza mbele ya watahini.

Kuhusu kudesa, yaani kunakili kazi ya mwingine. Wakenya wana mwakenya, kikaratasi cha kuibia mtihani, jina lililotoka kwa vuguvugu la siri la kisiasa la miaka ya 1980. Mtihani ukiisha nacho kimekwisha. Risachi iliyodeswa inakaa maktaba, jina lako juu yake. Desa la mwenzako lisome ujifunze mpangilio wa sura, basi. Kwa maandishi, soma aya, funga ukurasa, andika ulichoelewa, na mwandishi na mwaka uviweke hapohapo. Ukisema utarudi kuvijaza, hutakumbuka ulivitoa wapi. Ripoti ya Turnitin, programu inayoonyesha maandishi yanayofanana na ya wengine, nayo usiisome kwa asilimia peke yake. Asilimia 18 iliyotawanyika kwenye orodha ya marejeo na majina ya taasisi haina uzito wa asilimia 9 iliyotoka chanzo kimoja.

Kuna pia desa la propozali yako mwenyewe, na hili halizungumzwi vya kutosha. Sura tatu za kwanza zinahamishwa zilivyo, halafu mtahini anakutana na "data zitakusanywa kwa kutumia dodoso" ilhali majibu yapo sura inayofuata. Tumia kitufe cha kutafuta: andika "zita", kisha "uta", kisha "ata", upite moja baada ya nyingine ukigeuza kuwa wakati uliopita. Ni kazi ya jioni moja.

Kumkwepa supavaiza kunatokana na aibu ya komenti ambazo hazijafanyiwa kazi, na kadiri unavyokaa ndivyo mlango unavyozidi kuwa mzito. Chora jedwali la safu tatu: komenti yake, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana na komenti, andika sababu kwa heshima kwenye safu ya pili. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi akipewa jedwali hilo anarudisha kazi haraka, kwa kuwa halazimiki kuisoma yote upya. Mpelekee sura moja moja, hata kama haijakamilika.

"Finali", "finali ya mwisho", "finali kabisa": mafaili matatu, na lililochapwa ni la zamani. Majina yaanze na mwaka, mwezi na siku, mfano 2025-06-14, yatajipanga yenyewe. Nakala moja ikae kwenye barua pepe yako, kwani flashi za steshenari hupokezana virusi. Chapisha kutoka PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta yenye toleo jingine, majedwali hukatika na namba za kurasa kwenye yaliyomo hazilingani tena.

Nondo, yaani digrii, hailiwi siku ya kutetea. Baada ya utetezi kuna orodha ya masahihisho, na jedwali lilelile la safu tatu linafaa tena hapo. Usijalidi jalada gumu kabla masahihisho hayajasainiwa, hata kama bumu limeingia na mkono unawasha. Na kabla ya kuchapa, pima pambizo ya kushoto. Vyuo vingi hutaka kama sentimita 4, kwa sababu jalada linameza upande huo na herufi za mwanzo wa mstari huishia ndani ya gundi.