Shamba la ukoo limezungushiwa uzio na idara ya serikali: tufungue kesi bila hati?

Swali: Mheshimiwa wakili, salaam. Marehemu babu yetu alilima na kuzikwa katika shamba la ukoo nje ya mji wa Arua, Uganda. Mwaka 1980 familia ilikimbilia Zaire kwa sababu ya vita, na tuliporudi mwaka 1987 tulikuta nusu ya shamba imezungushiwa uzio na idara moja ya serikali. Nusu ya pili tunailima hadi leo, lakini mwezi uliopita walikuja wapimaji wakapima eneo lote. Hatuna hati yoyote. Je, tunaweza kuishtaki serikali?

Jibu: Mnaweza, ndugu yangu, ila mbele ya sheria hizo nusu mbili ni kesi mbili tofauti, na afadhali mlijue hilo kabla ya kumlipa wakili yeyote, mimi nikiwamo.

Kukosa hati si udhaifu wenu mkubwa. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inautambua umiliki wa kimila kuwa mmoja kati ya mifumo minne ya kumiliki ardhi, na cheti chake huthibitisha haki ambayo tayari ipo. Hata hivyo, kusema tu kwamba mmekaa hapo siku nyingi hakutoshi. Ni lazima wazee waeleze mila ya ukoo wenu, yaani nani hugawa ardhi, mipaka huwekwaje na nani hurithi. Jaji kwa kawaida hufika shambani kujionea mwenyewe, kwa hiyo makaburi na miembe ya mpakani ni ushahidi mzuri. (Tafadhali msiyajengee makaburi ya zamani saruji mpya wiki moja kabla ya ziara hiyo.)

Jambo la kuhofia ni miaka. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kudai kurudishiwa ardhi, na kwa nusu yenye uzio, hata tukihesabu tangu mliporudi, muda huo ulimalizika mwaka 1999. Mlango unaobaki ni udanganyifu, ambapo muda huanza kuhesabiwa siku mlipougundua au mlipopaswa kuugundua. Basi pekueni kumbukumbu za ofisi ya ardhi mwone idara iliipataje ardhi hiyo, na kama kuna fidia iliyolipwa. Msishangae mkijibiwa kwa Amri ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 1975, iliyoifanya ardhi yote nchini kuwa ya umma. Binafsi, nusu hiyo ningeitafutia suluhu ya mazungumzo kuliko kuitegemea mahakamani.

Nusu mnayoilima ndiyo yenye nguvu. Katika kesi ya Justine Lutaaya dhidi ya Stirling, Mahakama ya Juu ilisema kwamba uvamizi wa ardhi ni kosa linaloendelea kila siku, lakini anayelalamika awe ndiye aliye na ardhi hiyo mkononi. Nanyi mnayo. Zaidi ya hayo, Ibara ya 26 ya Katiba inaitaka serikali ilipe fidia ya haki kabla ya kuichukua ardhi, na mwaka 2015, katika kesi ya Irumba, Mahakama ya Juu ilithibitisha kubatilishwa kwa kifungu kilichoruhusu kuchukua kwanza na kulipa baadaye.

Kama idara hiyo iko chini ya wizara, mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kama ni ya wilaya, wilaya hushtakiwa kwa jina lake. Pelekeni kwanza notisi ya maandishi. Mrithi anaweza kufungua kesi ya kuilinda mali ya marehemu hata kabla ya kupata barua za usimamizi wa mirathi, ingawa ni vyema kuziomba mapema, maana ndugu wakigawanyika kesi hudhoofika.

Lakini wapimaji hawasubiri kesi. Wiki hii hii andikeni pingamizi kwa Kamati ya Ardhi ya Eneo, nakala kwa Bodi ya Ardhi ya Wilaya, mkiambatanisha mchoro wa shamba na majina ya majirani wa mpakani, na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa.