Vyama vya Marekani vilijuaje kura zao kabla ya uchaguzi?
Kwa orodha ya majina, si kwa kubahatisha. Januari 1840 kamati ya chama cha Whig jimboni Illinois, Abraham Lincoln akiwemo, iliwaagiza watu wake waigawe kila kaunti vipande vidogo, waandike kila mpiga kura, wajue kwa hakika atampa nani, na anayesitasita aongeleshwe na mtu anayemwamini. Kuhakikisha hakukuwa kazi ngumu, maana enzi hizo Illinois kura ilipigwa kwa mdomo: unamtaja mgombea wako, karani anaandika kitabuni, watu wa vyama wamesimama pale pale wanasikia. (Na anayekudai naye anasikia!) Kwingineko chama chenyewe ndicho kilichochapa karatasi ya kura, mara nyingi ya rangi yake, hivyo ukionekana umeishika umeshajulikana. Karatasi ya siri inayochapwa na serikali ilianza kuingia 1888, Massachusetts na mji wa Louisville. Ila orodha haikuwa dawa ya kila kitu: 1840 Harrison wa Whig alishinda urais, lakini Illinois hiyo hiyo ikaenda kwa mpinzani wake, Van Buren wa chama cha Democratic.