Taa ya ABS haizimiki

Swali: Shikamoo fundi. Tangu nibadilishiwe beringi ya mbele kushoto, pikapu yangu ya 2003 inawasha taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki). Nikikaribia kusimama, pedali inatetemeka mguuni. Ninunue pampu ya ABS? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Pampu usiguse! Nimeona watu wakimaliza mshahara hapo bure. Anzia palipofunguliwa. Vua tairi, chomoa sensa inayosoma mwendo wa gurudumu: ncha yake ina sumaku, hunasa unga wa chuma mweusi kama masizi. Ifute, kisha zungusha habu (kitovu cha gurudumu) ukague meno ya ringi ambayo sensa huyasoma. Likivunjika moja, kompyuta hudhani gurudumu linakwama, ABS inafanya kazi bure na pedali inatetemeka. Pima sensa kwa mita ya umeme, linganisha na ya kulia. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, tafadhali egesha gari.