Kagua programu kabla ya kununua RX 580

Usitoe hata shilingi. Umeandika kwamba umepata Radeon RX 580, kadi ya michoro ya AMD, ya mtumba yenye memori ya GB 8, unataka kuitumia kurenda (kugeuza modeli ya 3D kuwa picha kamili) kwenye programu ya Blender na kucheza gemu, na unauliza pawasaplai ya wati ngapi itaifaa. Kadi hiyohiyo, kwa kazi hiyohiyo, ndiyo iliyomeza akiba yangu ya miezi minne.

Mwaka 2022 muuzaji mmoja wa Kariakoo aliniwekea mezani RX 580 na GTX 1060, akaniapia kwamba ya Radeon inaishinda ya Nvidia kwa kila kitu, kwa kuwa memori yake ni GB 8 na ya mwenzake ni GB 6. Nilimweleza waziwazi kwamba ninatengeneza picha za makabati ya jikoni kwa ajili ya mafundi seremala, akasema hiyo ndiyo kazi ya kadi hiyo hasa. Nilipofika nyumbani nilifungua mipangilio ya Blender, nikabonyeza HIP, njia ya kurenda kwa kadi za AMD, nikajibiwa kwamba hakuna kadi inayofaa. Usiku kucha prosesa ndiyo iliyorenda. Feni yake ilivuma hadi alfajiri, feni za kadi zimetulia tuli, na kabati la mteja halijafika hata nusu.

Blender 3.0, iliyotoka Desemba 2021, iliachana na OpenCL, njia ambayo kadi za AMD kama RX 580 zilikuwa zikiitegemea, na HIP iliyoshika nafasi yake ikaanzia kwenye kadi za RDNA, yaani RX 5000 na kuendelea. GTX 1060 ya mwaka 2016, ambayo ni kongwe kuliko RX 580 ya 2017, iliendelea kurenda kwa CUDA, mfumo ambao Nvidia imekuwa ikiujenga tangu 2007. Mtu anayeuza kadi kila siku alipaswa kujua hilo, na kama alijua akanyamaza, basi alinidhulumu.

Siichukii Radeon. Kwenye gemu ilinifaa sana, na ninatamani AMD izidi kuibana Nvidia ili sisi wanunuzi tupate ahueni ya bei. Lakini kwa mtu wa kazi, programu hutangulia, kadi hufuata. Mwambie muuzaji aichomeke, ufungue toleo lilelile la Blender unalolitumia, uangalie kama jina la kadi limo chini ya HIP. Lisipokuwemo, ondoka na pesa zako.